Neno "haraka" kwenye skrini: kisa cha simu iliyokataa kujaa kwa saa mbili

Mwezi wa kumi, wakati joto la Lubumbashi limefika kileleni na mvua bado zinasubiriwa, mama mmoja wa komini ya Katuba aliniletea simu yake katika kibanda changu cha ufundi, si mbali na soko la Kenya. Kazi yake ni kupokea na kutuma pesa kwa njia ya simu. Ana meza ndogo, mwavuli, daftari la mistari na simu mbili, na ile kubwa ndiyo inayobeba akaunti yenye wateja wengi. Simu hiyo ikizimika mchana, wateja huhamia meza ya jirani, na mteja aliyehama mara mbili hana kawaida ya kurudi.

Aliiweka mbele yangu pamoja na chaja na waya wake, kisha akasema: "Papa fundi, hii simu iko nasema bongo." Kwa wasomaji walio mbali na Katanga, bongo kwa Kiswahili cha hapa kwetu ni uongo. Nilimwomba anieleze uongo wenyewe ni upi, kwa sababu mteja anayesema simu inadanganya huwa ameona jambo halisi, hata kama hana jina la kulitaja.

Maelezo yake yalikuwa haya. Mtaani kwake, kwa sababu ya delestaji, yaani mgao wa umeme, wakati huo umeme ulikuwa ukirudi saa tano usiku na kuondoka saa saba, yaani saa mbili tu. Chaja iliyokuja na simu iliungua usiku mmoja umeme uliporudi kwa kishindo. Akanunua nyingine sokoni, nyeupe, yenye maandishi makubwa ya "65W" usoni na duara la mwanga wa buluu, pamoja na waya mnene uliosukwa, wenye taa ndogo ya kijani karibu na ncha inayoingia kwenye simu. Akichomeka, chaja huwaka buluu, waya huwaka kijani, na skrini huandika kwa Kifaransa, juu ya alama ya radi, maneno yenye maana kwamba simu inachaji haraka. Viashiria vitatu vinakubaliana. Lakini saa saba umeme ukiondoka, betri iliyoanza na asilimia 10 huwa imefika 55 au pungufu, na kabla ya saa tisa alasiri simu imekwisha.

Kwa mtu mwenye umeme mchana na usiku, tofauti kati ya simu inayojaa kwa saa mbili na inayojaa kwa saa nne ni ndogo, maana atalala na kuamka aikute imejaa. Kwa mtu aliyepewa saa mbili, kasi ya kuchaji ndiyo kazi yake yenyewe. Ndiyo maana kiashiria hiki, ambacho wengi hukitazama kama pambo la skrini, kinastahili kusomwa kwa makini zaidi hapa kwetu kuliko mahali ambapo umeme haukatiki.

Nakiri kwamba miaka ya nyuma ningeanza kwa kubadilisha betri. Nimebadilisha betri nyingi zilizokuwa nzima, na ninasikitika kwa pesa za wale walionilipa. Siku hizi ninaanza na karatasi. Nilimwomba mama asiniachie simu siku hiyo, bali arudi nayo nyumbani, na usiku ule ule aandike asilimia kila baada ya nusu saa kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake. Kijana ninayemfundisha kazi anaishi mtaa mmoja na yeye, hivyo nilimpa kipimo cha umeme apime volti za soketi saa hiyo hiyo.

Kesho yake daftari lilikuwa na safu ya namba zilizoandikwa kwa kalamu nyekundu, wima, bila kufutwa: 10, 24, 37, 47, 55. Kijana alikuwa amepima volti 187 kwenye soketi, mahali ambapo tunatarajia 220.

Jirani zake wote walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba kosa ni la umeme dhaifu, na namba 187 ilionekana kuwapa haki. Sivyo. Chaja za simu za kisasa hutengenezwa kwa kupokea umeme wa kuanzia volti 100 hadi 240, na maandishi hayo yapo kwenye tumbo la karibu kila chaja, hii ikiwamo. Volti zikishuka kutoka 220 hadi 187, chaja huvuta ampea zaidi kidogo kutoka ukutani na kutoa kile kile upande wa pili. Taa ya chumbani yenye uzi hufifia umeme ukishuka, na macho yetu yamezoea kuhukumu kwa taa, lakini chaja haifuati sheria ya taa. Dhana hiyo niliiweka kando.

Niliweka kando pia mambo mawili mengine ambayo sharti yaangaliwe lakini hayakuzaa kitu. Katika mipangilio ya betri, simu nyingi zina swichi ya kuzima kuchaji haraka, na ya mama ilikuwa imewashwa. Katika tundu la kuchajia kulikuwa na vumbi la nyuzi za nguo lililoshindiliwa na waya kila siku. Nililitoa kwa kijiti cha meno, simu ikiwa imezimwa, na waya ukaingia vizuri zaidi, lakini vipimo havikubadilika.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, "haraka", kwa sababu hapo ndipo kisa kilipo.

Simu inapochomekwa haianzi kunywa umeme papo hapo kwa nguvu zote. Kwanza huuliza. Uwezo ambao kila chaja ya USB inatakiwa kuutoa ni volti 5, na tundu la kompyuta la USB 2.0 limeruhusiwa kutoa nusu ampea, yaani wati 2.5 (wati ni volti ukizizidisha kwa ampea). Ili kupata zaidi ya hapo, simu inahitaji kujua kama iliyo upande wa pili ni kompyuta ama ni chaja halisi. Njia ya zamani zaidi ni chaja kuunganisha nyaya mbili za data ndani yake. Simu ikikuta zimeunganishwa, inajua ni chaja na inajiruhusu kuvuta hadi ampea 1.5. Baadaye zikaja njia za kuongeza volti: Quick Charge ya Qualcomm, tangu toleo lake la pili, hutumia nyaya hizo hizo za data kuomba volti 9 au 12 badala ya 5. Koneta ya USB-C ikaleta mguso (pini) wake maalumu, ambapo chaja kwa kutumia rezista tu, kipande kidogo kinachozuia umeme, inaweza kutangaza kwamba ina ampea 3 kwa volti 5, yaani wati 15, bila mazungumzo mengine. Juu ya mguso huo huo ndipo yanapopita mazungumzo marefu ya USB Power Delivery, ambayo tangu 2017 yana nyongeza iitwayo PPS, inayoiruhusu simu kuomba volti kwa hatua ndogo sana, huku toleo la Power Delivery la 2021 likifika hadi wati 240. Pembeni ya hayo yote kuna lugha za watengenezaji wenyewe, kama VOOC ya Oppo iliyotokea 2014, ambayo katika umbo lake la kwanza haikupandisha volti bali ilipandisha ampea hadi 4, na kwa sababu hiyo ilidai chaja yake na waya wake.

Mazungumzo yakiisha, simu huandika neno. Hiyo ndiyo sentensi ambayo ningependa kila mwenye simu aielewe: neno huandikwa baada ya mapatano, nalo linaeleza mapatano. Katika programu ya msingi ya Android, ambayo kila mtengenezaji huichukua na kuirekebisha, simu huzidisha ampea za juu kabisa zilizotangazwa kwa volti za juu kabisa, kisha hulinganisha jibu na mipaka miwili. Kwa miaka mingi mipaka hiyo ilikuwa wati 5 na wati 7.5: chini ya 5 skrini husema inachaji polepole, juu ya 7.5 husema inachaji haraka. Watengenezaji wengine wameweka mipaka yao. Samsung, kwa mfano, hutenganisha kuchaji haraka kwa kiwango cha wati 15 na kuchaji haraka sana kwa wati 25, na kwa wati 45 hudai waya wenye uwezo wa ampea 5. Apple haiandiki neno la haraka kwenye skrini ya kufungia, ingawa iPhone zimeweza kuchaji haraka kwa Power Delivery tangu iPhone 8 ya 2017. Kwa hiyo neno "haraka" la simu moja si "haraka" ya simu nyingine, na hata katika simu moja linaweza kumaanisha wati 8 au wati 18 bila kubadilika hata herufi.

Ukisikia mtu amekubaliana na mwenzake kuleta magunia kumi ya unga, umesikia habari ya kweli, lakini bado hujahesabu magunia yaliyofika. Simu ya mama haikusema bongo. Ilisema habari za mapatano, naye alizisikia kama habari za mzigo.

Ili kuhesabu mzigo nilitumia kipimo kidogo cha USB, kile cha ukubwa wa kidole gumba chenye skrini ya volti na ampea, ambacho huingizwa kati ya chaja na waya au kati ya waya na simu. Nina viwili, hivyo niliweka kimoja kila upande. Betri ilikuwa asilimia 23. Skrini ikaandika haraka. Upande wa chaja nilisoma volti 9.0, kwa hiyo mapatano ya volti 9 yalikuwa ya kweli, chaja haikughushi. Upande wa simu nilisoma volti 8.1. Ampea zilikuwa 0.8. Volti 0.9 nzima zilikuwa zimepotelea njiani, ndani ya waya wa mita moja, na kilichoingia katika simu kilikuwa wati 6.5 hivi. Ukigawanya 0.9 kwa 0.8 unapata ukinzani, yaani jinsi waya unavyozuia umeme, wa ohmu 1.1, wakati waya mzuri wa urefu huo huwa karibu na robo ya ohmu au chini yake.

Mtu atauliza kwa nini simu ilitosheka na ampea 0.8 wakati kwa volti 9 chaja hii inaruhusu 2. Jibu ni kwamba simu haivuti kwa pupa. Huongeza ampea kidogo kidogo huku ikitazama volti zinazoifikia, kama mtu anayejaribu daraja la miti kwa mguu mmoja kabla ya kuweka uzito wote. Volti zikianza kuzama, inatambua kwamba njia haibebi, inarudi nyuma na kukaa pale panapobeba. Ni tabia ya busara, inayookoa chaja dhaifu zisizimike na nyaya mbovu zisichemke. Lakini kurudi nyuma huko hakuandikwi popote kwenye skrini, na neno lililokwisha kuandikwa linabaki palepale.

Hapo nilichukua daftari lake nikapiga hesabu mbele yake. Betri ya simu hiyo ni mAh 5000, yaani ampea-saa 5, kwa volti 3.85, yaani wati-saa 19 na kitu. Ukitoa kwenye zile wati 6.5 kiasi kinachogeuka joto ndani ya simu na kiasi ambacho simu yenyewe hutumia ikiwa macho, zinabaki kama wati 5 za kweli, na kwa saa mbili hiyo ni wati-saa 10, zaidi kidogo ya nusu ya betri. Kutoka asilimia 10 ungetarajia 62. Daftari lilisema 55, na nilipotazama tena safu ya kalamu nyekundu niliona kwamba nusu saa ya kwanza iliongeza 14, ya pili 13, ya tatu 10, ya nne 8. Kwa kawaida kasi hupungua betri inapokaribia asilimia 80, kwa sababu volti za betri zinakuwa zimefika juu na simu inaanza kupunguza ampea makusudi ili kuilinda. Kupungua kuanzia asilimia 37 si kwa sababu hiyo. Kulikuwa na kitu kingine.

"Mama, usiku simu unaiweka wapi ikichaji?" nilimuuliza.

"Chini ya mto wangu. Nikiiweka mezani wataiba kupitia dirisha."

Hilo ndilo lililokuwa limebaki. Simu yenye kava nene ya mpira, chini ya mto, mwezi wa kumi, haina pa kupeleka joto lake. Tuliijaribu kibandani kwa kuifunika na kitambaa kilichokunjwa, na baada ya dakika ishirini na tano programu ya kusoma joto la betri ilionyesha nyuzi 41, nazo ampea zikaanza kushuka. Betri za lithiamu huchakaa upesi zikichajiwa zikiwa na joto, na simu inajua hivyo, kwa hiyo hupunguza kasi bila kuomba ruhusa, na joto likizidi husimamisha kabisa. Nilimweleza mama kwa uzito wote kwamba kasi ni jambo dogo hapa: chaja isiyojulikana asili yake na simu ya moto chini ya kichwa cha mtu aliyelala ni hatari ya moto wa kweli, na singependa asikie onyo hilo kwa njia nyingine.

Kilichonisumbua zaidi katika kazi hii yote ni taa za waya na za chaja, kwa sababu hizo ndizo zilizomfanya mama aamini. Nilichomoa waya kwenye simu nikauacha kwenye chaja peke yake. Taa ya kijani iliendelea kuwaka vile vile, bila simu, bila kitu chochote mwishoni. Nikamwonyesha, naye akaushika waya ule akaugeuza mkononi mara mbili bila kusema neno. Taa ile imeunganishwa kwenye volti za waya basi, inasema kwamba umeme upo, kama vile taa ya mlangoni inavyosema. Haijui kama kuna simu, wala ampea ngapi zinapita. Duara la buluu la chaja nalo ni hivyo hivyo. Kati ya viashiria vitatu, kimoja tu kilikuwa na habari yoyote kuhusu kasi, nacho kilikuwa na habari ya mapatano peke yake.

Kisha nikabadilisha vitu kimoja kimoja, maana ukibadilisha chaja na waya kwa pamoja hutajua nani alikuwa mkosaji. Kwanza niliacha chaja yake nikaweka waya wangu, mfupi kidogo na usio na taa. Neno kwenye skrini lilibaki lile lile, haraka. Kipimo kikasema ampea 1.6, na upande wa simu volti 8.7, yaani karibu wati 14. Zaidi ya mara mbili, bila herufi moja kubadilika.

Jaribio lililofuata lilinifundisha hata mimi kitu. Nilikuwa na chaja halisi ya simu ya aina hiyo hiyo, ya wati 33, iliyoachwa na mteja mwingine ambaye skrini yake ilikuwa imepasuka. Niliitumia pamoja na waya wa mama. Ungetarajia mambo yawe bora. Skrini iliandika "inachaji" tu, bila haraka, kwa sababu chaja hiyo husema lugha ya mtengenezaji wake, na lugha hiyo inataka waya wake. Mazungumzo yaliposhindikana, zikabaki volti 5 za kawaida. Na kwa volti 5 waya ule mbovu ulikuwa balaa: kwa njia yenye ukinzani mkubwa, volti chache haziachi nafasi ya kupoteza, simu ikarudi nyuma hadi karibu nusu ampea, na kilichoingia hakikufika wati 2.5. Ni sawa na kuchaji kwenye tundu la kompyuta ya zamani. Watu wengi hapa huazima kichwa cha chaja kwa jirani na kutumia waya wao wenyewe, kisha wakasema chaja ya jirani ni mbovu. Sasa ninaelewa malalamiko yale yalitoka wapi.

Mwisho niliunganisha chaja ya wati 33 na waya wake. Safari hii niliondoa vipimo, kwa sababu baadhi ya vifaa hivyo huvuruga lugha za watengenezaji, nikatumia saa ya mkononi. Neno likabadilika kuwa haraka sana, asilimia zikaanza kuonyeshwa na desimali zinazokimbia, na kwa dakika ishirini betri ilitoka 26 ikafika 56.

Kuhusu ile "65W" usoni mwa chaja, jibu lilikuwa mgongoni mwake, kwa herufi ndogo za kijivu ambazo nilizisoma kwa lenzi ninayotumia kulehemu: volti 5 kwa ampea 3, volti 9 kwa ampea 2, volti 12 kwa ampea 1.5. Zidisha yoyote kati ya hizo. Kubwa ni wati 18. Namba ya usoni ilikuwa jina tu. Ninapendekeza kwa yeyote anayenunua chaja sokoni ageuze kitu kwanza, asome mistari ya volti na ampea, azidishe mwenyewe, na kama mistari hiyo haipo kabisa, airudishe mezani.

Waya nao niliupasua, kwa ruhusa ya mwenyewe. Chini ya msuko mnene wa nailoni na mpira kulikuwa na nyuzi za umeme chache, nyembamba kama nywele. Nilikwaruza moja kwa wembe. Wekundu ukatoka, ndani ukabaki weupe: aluminiamu iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 hivi tu ya shaba halisi, na hapo hata hiyo aluminiamu ilikuwa haba. Katika mji huu ambao shaba ndiyo iliyoujenga, ambapo wazee wanaijua shaba kwa rangi, kwa uzito na kwa sauti yake ikigongwa, iliniuma kuona mama wa Katuba akiuziwa unene wa mpira badala ya shaba. Na hakuna jicho lingeweza kuliona hilo kutoka nje. Lakini simu yenyewe ilikuwa imeliona, na ilikuwa imeliandika mahali ambapo hakuna aliyekuwa akisoma.

Chini ya alama ya radi, kwa maandishi madogo, simu nyingi za sasa huonyesha muda uliobaki hadi kujaa. Tofauti na neno "haraka", muda huo hukadiriwa kwa kutazama jinsi betri inavyopanda, hivyo hurekebishwa dakika kwa dakika. Mwanzoni huwa hauaminiki. Unahitaji dakika kadhaa kutulia. Nilichomeka tena vile vitu vyake viwili, chaja yake na waya mwingine wa aina ile ile aliokuwa ameununua pamoja na wa kwanza, tukasubiri. Skrini ilianza kwa kudai saa moja na dakika kumi. Baada ya dakika tano ikasema saa mbili na nusu. Baada ya kumi, saa tatu na dakika arobaini. Juu yake neno haraka likiwa limetulia. Mama alisogeza uso karibu na skrini akasoma mstari ule wa Kifaransa kwa sauti, polepole, kisha akaniambia kwamba kila usiku ulikuwa pale, yeye alidhani ni saa ya kawaida.

Tulikubaliana hivi. Angenunua waya mmoja tu, mfupi, wenye shaba ya kutosha, ambao niliupima mbele yake kabla ya kulipa. Chaja angeendelea nayo kwa sasa, maana wati 14 zinatosha kwa saa zake mbili, lakini ikianza kuchemka kiasi cha kutoshikika au kunuka aichomoe na kuniletea. Chaja halisi ya wati 33 angeinunua pesa ikipatikana, na siku hiyo ainunue pamoja na waya wake. Kava aitoe wakati wa kuchaji. Kuhusu wezi wa dirishani, alipata suluhisho mwenyewe: simu ingelala juu ya saruji, ndani ya sufuria tupu isiyo na mfuniko, upande wa pili wa kitanda, mbali na dirisha.

Usiku uliofuata aliandika tena, nami sikumwomba. Ukurasa ule ule wa mwisho wa daftari, kalamu ile ile, safu ya pili kando ya ya kwanza: 11, 41, 69, 90, 98. Pembeni ya kila safu alikuwa amenakili maneno yaliyokuwa kwenye skrini usiku huo, kwa Kifaransa, herufi kwa herufi. Maneno yalikuwa yale yale.